Jasusi wa Kasrini Haingii kwa Dirisha

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya inayotokea katika ufalme nilioubuni mwenyewe, unaofanana na Ulaya kati ya miaka ya 1400 na 1600. Kuna kasri, mabaraza, makasisi, mabalozi na farasi, lakini hakuna uchawi. Malkia wangu ana umri wa miaka 19, na ami yake anataka kumpokonya kiti. Nina jasusi mwenye joho jeusi ambaye usiku mmoja anapanda ukuta, anaingia dirishani kwa ami, anawaua walinzi wawili na kuiba barua inayothibitisha njama. Asubuhi yake malkia anaisoma barua hiyo mbele ya baraza lote, na ami anakamatwa. Rafiki yangu aliyesoma kurasa 140 nilizokwisha kuandika ameniambia kwamba sura hiyo haimwingii akilini, lakini hakuweza kunieleza sababu. Majasusi wa enzi hizo walifanya kazi vipi hasa? Na kwa kuwa ufalme ni wa kubuni, nina wajibu wowote wa kuifuata historia? Ninaogopa kwamba itanibidi nitupe kitabu kizima."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza maswali mawili, lakini nyuma yake nimeisikia hofu moja, nayo ni kwamba kurasa 140 za jasho lako zitaishia jalalani. Hazitaishia huko. Kilicho na kasoro ni sura moja pamoja na yale yaliyopaswa kutokana nayo, na ukishaiona kasoro hiyo ilipo, sura hiyo itakuzalia nyingine kadhaa ambazo kwa sasa huzioni.

Rafiki yako hakukwazwa na ukuta wala na joho jeusi, kwa maana msomaji wa visa vya kasrini huwa tayari kumkubali mtu apandaye ukuta. Alichokikataa moyoni, bila kukipatia jina, ni kwamba barua yako inatoka kabatini kwa ami hadi mkononi mwa malkia bila kusumbua mtu yeyote isipokuwa walinzi wawili ambao hata majina hawana. Hakuna aliyeamka akakuta barua haipo, hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyesimama barazani akasema kwamba mwandiko ule si wake. Katika kasri za kweli za wakati huo, mambo hayo matatu ndiyo yaliyowanyima majasusi usingizi, na kuipata barua kulikuwa sehemu nyepesi ya kazi.

Nianze na suala la wajibu, kwa kuwa ndilo fupi. Ufalme ni wako. Unaweza kuubunia dini, sheria za urithi, vyeo na hata misimu ya mwaka, wala hakuna mwanahistoria mwenye haki ya kukuuliza. Lakini mara tu unapoweka karatasi, farasi na mihuri, ukaondoa simu na barabara za lami, umekwisha kukubali matokeo fulani hata kama hukuyataja. Mtawala hawezi kuwapo kila mahali, kwa hiyo huandika. Kilichoandikwa hubebwa na mtu. Na mtu huyo hula, hulala, hudaiwa na watu, ana mke mgonjwa au mtoto wa kuoza. Ujasusi wa zama hizo uliishi hapo, katika mkono ulio kati ya mwandishi wa barua na mpokeaji wake. Ichukue historia kama ghala la matokeo ambayo wengine waliyalipia, nawe uingie uchague.

Sasa nije kwenye dhana inayowapotosha waandishi wengi, kwamba jasusi ni mgeni anayepenya ndani. Kiswahili kina maneno mawili ambayo huwa ninawapa wanafunzi wangu: kudoya, yaani kwenda huku na huko kwa siri kupeleleza mambo, na kudukiza, yaani kukaa karibu na watu na kuyasikiliza maneno yao bila wao kujua. Kasri la karne ya 16 lilimtegemea zaidi mdukizi kuliko mdoya. Usisahau kwamba kasri lilikuwa nyumba kabla ya kuwa ofisi. Serikali iliendeshwa katika vyumba vilevile ambamo mtawala alikula, aliugua na kulala, na malkia hakulala peke yake, kwani mabibi wa heshima walikuwa chumbani mwake. Katika Uingereza ya ukoo wa kifalme wa Tudor, mtumishi aliyemhudumia mfalme alipokwenda haja alikuwa miongoni mwa watu wenye ushawishi mkubwa, kwa sababu alipata kuwa naye faraghani wakati mawaziri walikuwa wakisubiri mlangoni. Kwa hiyo aliyetaka kujua mambo hakuhitaji kamba ya kupandia ukuta. Alimtafuta mtu ambaye tayari alikuwa na haki ya kuwa ndani, akaulizia madeni yake.

Kulikuwa pia na mdukizi mwenye kibali, yaani balozi. Desturi ya kumweka balozi akae miaka katika mji wa kigeni ilianzia katika dola za Italia katika karne ya 15, kisha ikaenea Ulaya nzima. Venice iliwataka mabalozi wake waandike barua kila mara, na waliporudi nyumbani wasome mbele ya Seneti maelezo marefu kuhusu mfalme waliyemwangalia, hazina yake, afya yake, na nani anamsikiliza. Kila mtu kasrini alijua kwamba balozi anakusanya habari, na bado alialikwa mezani, kwa sababu mwenyeji naye alitaka kumtumia kupeleka uvumi alioupenda. Umeniambia kwamba ufalme wako una mabalozi. Katika muhtasari wako sijawaona wakifanya kitu chochote katika njama hii, nami nakuomba uwarudishe, kwa kuwa ami anayetaka kiti lazima awe na rafiki nje ya mipaka.

Jambo lingine: usimpe malkia wako idara ya ujasusi yenye jengo, vyeo na sare. Francis Walsingham, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Malkia Elizabeth I wa Uingereza tangu mwaka 1573, anasifiwa hadi leo kwa mtandao wake, lakini mtandao huo ulikuwa wafanyabiashara, wanafunzi waliohamia ng'ambo, wafungwa waliopewa nafuu, na waandishi wachache waliomfanyia kazi yeye binafsi. Alitumia fedha zake pamoja na za malkia, na alipofariki mwezi Aprili mwaka 1590 aliacha madeni makubwa, akazikwa usiku. Mtandao wa namna hiyo ni mali ya mtu, na mtu akifa hufa naye. Fikiria jambo hilo linamfanya nini malkia wako wa miaka 19 aliyerithi kiti bila kurithi waandishi wa baba yake.

Hebu nikusimulie tukio moja kwa kirefu, kwa kuwa lina kila kitu ambacho sura yako inakikosa.

Mary, malkia wa Scotland aliyepoteza kiti chake, alikimbilia Uingereza mwaka 1568, na Elizabeth, ambaye ni jamaa yake, akamweka kizuizini kwa karibu miaka 19. Mwishoni mwa mwaka 1585 alihamishiwa jumba la Chartley, chini ya mlinzi mkali aliyeitwa Amias Paulet, na barua zake zote za siri zikawa zimekatwa. Walsingham hakutaka zikatwe. Alitaka zipite mahali anapopaona. Mwezi Desemba mwaka huohuo kijana Mkatoliki aliyeitwa Gilbert Gifford alikamatwa katika bandari ya Rye akitoka Ufaransa, na baada ya kuzungumza na Walsingham akakubali kumtumikia. Gifford ndiye aliyewaendea marafiki wa Mary na kuwaambia kwamba imepatikana njia: mtengeneza bia aliyepeleka mapipa Chartley angeweka barua ndani ya kifuko kisichopitisha maji, akakipenyeza kwenye tundu la pipa. Mary alifurahi mno. Baada ya miezi mingi ya ukimya alianza kuandika tena kwa uhuru, naye akamlipa yule mtengeneza bia, ambaye alilipwa pia na upande wa pili, na bado, akijua kwamba hawawezi kumwacha, akataka bei ya bia ipandishwe.

Tazama sasa safari ya barua moja. Inatoka kwenye pipa, inafika kwa watu wa Walsingham. Thomas Phelippes, mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, anainakili na kuisoma. Arthur Gregory, aliyekuwa na mkono wa ajabu wa kufungua mihuri na kuirudisha, anaifunga ionekane haijaguswa. Kisha barua inaendelea na safari hadi kwa mwenyewe, ambaye anaijibu kwa imani yote. Hakuna aliyepanda ukuta, hakuna mlinzi aliyekufa, na kwa nusu ya kwanza ya mwaka 1586 Walsingham alizisoma barua za Mary kabla ya wale alioandikiwa. Laiti angeiba barua hata moja tu, angepata barua hiyo moja na kuipoteza njia nzima.

Hapo ndipo sura yako inapovunjika. Barua iliyoibwa hupoteza nusu ya thamani yake usiku uleule, kwa maana mwenye barua akishajua kwamba imepotea hubadilisha mipango, huwaonya wenzake na kuchoma zilizobaki. Mpelelezi makini wa zama hizo alitaka nakala, huku barua yenyewe ikirudi mahali pake na vumbi lake.

Mwezi Julai mwaka 1586 kijana tajiri, Anthony Babington, alimwandikia Mary kwamba kuna waungwana sita walio tayari kumuua Elizabeth, na tarehe 17 mwezi huo Mary akamjibu kwa barua iliyoujadili mpango wake. Inasimuliwa kwamba Phelippes alipomaliza kuifumbua alichora mti wa kunyongea juu ya nakala yake. Lakini hakuishia hapo. Kabla ya barua kumfikia Babington, Phelippes aliighushi nyongeza fupi mwishoni, kwa mwandiko na alama zilezile za siri, ikimwomba Babington ataje majina ya hao sita. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo polepole. Tayari walikuwa na ushahidi, na bado hamu ya kupata zaidi iliwafanya watie mikono yao ndani ya ushahidi huo. Majina hayakupatikana kwa njia hiyo, Babington akaanza kushtuka, na mwezi Agosti ikabidi wakamatwe haraka. Mwezi Oktoba Mary aliposhtakiwa, barua ya asili haikutolewa mahakamani. Kilichosomwa kilikuwa nakala, na utetezi wake ukawa ule ambao ami wako hana budi kuutumia: nionyesheni barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Walioitia nguvu nakala ile ni makatibu wake wawili, Claude Nau na Gilbert Curle, walipohojiwa wakiwa kizuizini wakakiri kwamba maneno ni hayo.

Malkia wako, kwa upande wake, anasoma barua barazani kama anayesoma tangazo. Mtu wa kwanza kuinuka angepaswa kuuliza: imetoka wapi? Akijibu kwamba iliibwa, amekiri kuvunja nyumba ya mtu wa damu ya kifalme na kuua watumishi wake. Akinyamaza, ami atasema imeghushiwa, na wajumbe wa baraza wanajua vizuri kwamba barua hughushiwa, kwa kuwa baadhi yao wamelipia kazi hiyo. Hata Venice, ambayo Baraza lake la Kumi, lililosimamia usalama wa dola, lilitisha watu tangu lilipoundwa mwaka 1310, na ambako raia waliweza kutumbukiza mashtaka ya siri katika midomo ya mawe iliyojengwa ukutani, iliweka masharti magumu kwa shtaka lisilo na saini, kwa sababu watawala walielewa kwamba mwenye chuki naye anajua kuandika.

Kuna uzito mwingine ambao sura yako imeuruka. Elizabeth alipokuwa na ushahidi wote mkononi alisitasita kwa miezi kuamuru kifo cha malkia mwenzake, kwani ukishakubali kwamba mtu wa damu ya kifalme anaweza kuhukumiwa na raia, umeufungua mlango ambao siku moja utaweza kupitia wewe mwenyewe. Alipoitia saini hati ya kifo, na Mary akakatwa kichwa huko Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587, Elizabeth alimgeukia katibu aliyeishughulikia hati hiyo, William Davison, akamtia gerezani akidai kwamba hakuruhusu ipelekwe. Msichana wa miaka 19 anayemkamata ami yake bila kuonja hata chembe ya hofu hiyo bado hajawa malkia machoni pa msomaji.

Kuhusu vifaa nitapita upesi, ila barua yenyewe inastahili muda. Watu wa wakati huo hawakutumia bahasha. Barua ilikunjwa yenyewe ikawa kifurushi, na mwandishi makini alikata utepe mwembamba kwenye ukingo wa karatasi ileile, akautoboza kupitia mikunjo yote na kuufunga kwa lakiri, hivi kwamba asiyekata utepe hawezi kusoma. Barua ya mwisho ya Mary, aliyomwandikia Mfalme Henri III wa Ufaransa saa chache kabla ya kuuawa, ilifungwa kwa njia hiyo. Ukilijua hilo, kuifungua barua ya ami bila kuacha alama kunakuwa kisa kizima chenye kisu chembamba, mshumaa, jasho na mlango unaoweza kufunguliwa wakati wowote.

Maandishi ya mafumbo yalikuwa ya kawaida, tena yalikuwa dhaifu kuliko watumiaji walivyodhani. Tangu karne ya 9, mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad alikwisha kueleza kwamba ukihesabu alama inayojirudia zaidi utaikamata herufi itumikayo zaidi, na baadaye ngome inaanguka. Ndiyo maana huko Mantua, Italia, mwaka 1401 irabu zilipewa alama kadhaa badala ya moja. Ikiwa utawatungia wahusika wako fumbo la Kiswahili, ifiche kwanza herufi "a", kwa kuwa imejaa katika lugha yetu, nayo ndiyo itakayowasaliti. Na usidhani mafumbo yote yalivunjwa siku hizohizo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba wamezifumbua barua zaidi ya 50 za Mary zilizokuwa zimekaa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa bila kutambuliwa kuwa ni zake. Nyingi alimwandikia Castelnau, balozi wa Ufaransa mjini London, na baadhi yake nakala zilikuwa tayari katika kumbukumbu za Uingereza, kwa sababu ndani ya nyumba ya balozi huyo alikuwamo mtu aliyezivujisha. Fumbo lilisimama zaidi ya miaka 400, lakini karani hakusimama hata kidogo.

Wino usioonekana nao una jambo moja zuri. Padri John Gerard, aliyefungwa katika Mnara wa London mwaka 1597, aliandika kwa maji ya chungwa badala ya ndimu kwa sababu aliyoieleza mwenyewe: maandishi ya ndimu yakitokezwa huweza kufifia karatasi ikikauka, lakini ya chungwa yakishaonekana kwa joto la moto hayarudi kujificha, na kwa hiyo mpokeaji atajua kama kuna aliyetangulia kuyasoma. Sumu nakushauri uiache kabisa. Kila mkubwa aliyekufa kwa homa alidhaniwa kalishwa sumu, na tetesi hizo zina manufaa zaidi kwako kuliko kikombe chenyewe.

Sasa jasusi wako. Huyu ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu hana mtu yeyote anayempenda. Katika njama ya Babington alikuwamo Robert Poley, mtu wa Walsingham, ambaye Babington alimfanya rafiki wa karibu, akakaa naye, akamweleza mashaka yake. Babington alipohisi kwamba mambo yameharibika, alimwandikia Poley barua ya kuagana, barua ya upendo, huku ndani yake akitamka kwamba anamuaga kama rafiki ikiwa kweli yeye ni mwaminifu kwake. Hakuwa na uhakika, na bado aliaga. Mwezi Septemba alinyongwa na kupasuliwa pamoja na wenzake, jumla yao 14 katika siku mbili. Mwandishi akiwa na uhusiano kama huo mkononi hahitaji joho jeusi. Jiulize jasusi wako anakula na nani, nani anamwita kaka, na siku ami atakapokamatwa ni mtoto gani wa nyumba ile atakayemtazama usoni.

Usidhani pia kwamba mambo haya yalikuwa ya Ulaya pekee. Mwaka 1487 Mfalme João II wa Ureno alimtuma Pêro da Covilhã, aliyejua Kiarabu na aliyekwisha kumpelelezea mambo katika ufalme jirani wa Castile, akaichunguze njia ya viungo. Yeye na mwenzake, Afonso de Paiva, walinunua asali katika kisiwa cha Rhodes na kuingia Alexandria kama wafanyabiashara. Covilhã alifika Aden, Calicut na Hormuz, akashuka pwani yetu hadi Sofala, miaka kadhaa kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Taarifa yake aliikabidhi Cairo kwa fundi viatu Myahudi aliyetumwa na mfalme. Kisha akaingia Ethiopia, akapokewa kwa heshima, akapewa ardhi na mke, asiruhusiwe kuondoka tena. Ujumbe wa Ureno ulimkuta bado yuko huko mwaka 1520. Zingatia kwamba vazi lake la siri lilikuwa shehena ya asali, na kwamba aliyejua mengi mno alizuiwa kwa ukarimu.

Na Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, kwa jina la Jerónimo baada ya baba yake kuuawa, akarudishwa kuwa sultani, alionekana usiku akimwombea baba yake kaburini kwa desturi ya Kiislamu. Aliyemwona alipeleka habari kwa kepteni wa Ngome ya Yesu. Yusuf alipojua kwamba amechongewa hakusubiri kupelekwa Goa. Mwezi Agosti mwaka 1631 alimuua kepteni na kuitwaa ngome. Mchongezi alidhani anazuia uasi, kumbe ndiye aliyeuharakisha. Ami wako, akijulishwa kwamba barua yake imesomwa, anaweza kufanya hivyohivyo.

Njia ulizo nazo, kwa maoni yangu, ni tatu, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kuubakiza usiku wa ukutani, lakini jasusi atumwe kunakili na kurudisha, si kuiba. Utaihifadhi sura unayoipenda, ila utalazimika kueleza aliyemwambia barua imewekwa wapi, na hapo mtu wa ndani atahitajika hata hivyo. Unaweza kumwondoa kabisa mwenye joho na kazi yote ukampa karani au dobi wa ami. Hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na ukweli, na ndiyo ya polepole zaidi. Msomaji uliyemzoesha panga kwa kurasa 140 anaweza kuchoka nawe. Njia ya tatu ni kuuacha wizi kama ulivyo na kuuacha umwangukie malkia: asubuhi ami ndiye anayetangulia barazani, na nyuma yake wamesimama wajane wa wale walinzi wawili, ambao sasa wana majina. Barua iko mkononi mwa malkia naye hawezi kuitoa. Hii inakutaka uandike upya nusu ya pili ya kitabu, sikufichi, lakini ya kwanza inabaki karibu yote, na kosa la mwandishi linageuka kuwa kosa la mhusika. Ningekuwa wewe ningeifuata hii, nikamweka dobi wa njia ya pili kuwa ndiye atakayemwokoa malkia polepole.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukufanyia. Mbinu ya kukunja barua na kuifunga kwa lakiri ijaribu kwa mikono yako, mara kumi, halafu mpe mtu mwingine ajaribu kuifungua bila wewe kutambua. Utaandika kurasa tofauti. Ukipata nafasi, nenda kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar uombe kuonyeshwa barua za Kiarabu zilizo na mihuri, japo ni za zama za baadaye, ili uone karatasi inavyozeeka kwenye mikunjo. Tembea, usiku unapokaribia, ndani ya Ngome ya Yesu kabla hawajafunga, uhesabu hatua kutoka lango hadi chumba cha ndani. Kama unakusudia kuandika mateso ya gerezani, ambayo yalikuwapo kweli na ambayo mara nyingi yalitoa majina ya uongo, usiyaandike peke yako usiku. Na yakianza kukurudia ndotoni, simama, ukazungumze na mtu unayemwamini ana kwa ana, na yasipokuachia umwone mshauri nasaha.

Kuhusu kama mfuatano wa njama umeshikamana, hilo linataka mhariri aliyeketi nawe na kitabu chote mezani. Kabla hujamwendea, chukua karatasi kubwa, uandike majina ya wahusika upande mmoja na siku za hadithi juu, na katika kila kisanduku ujaze huyu anajua nini siku hii, na amejuaje. Kisanduku kitakachokushinda kujaza, kiwekee alama nyekundu, na mpelekee mhariri karatasi hiyo pamoja na mswada.